Kabla SUV yako ya kwanza ichemke pale Kipsitet

Hongera, umepata gari. Umeweka akiba miaka mitatu, sacco ikakujazia, na sasa SUV ndogo ya Kijapani imeegeshwa nje ya ploti yako kule Mamboleo. Majirani wanakuita mdosi, nusu kwa utani. Wikendi ya kwanza ulibeba marafiki ukawapeleka Dunga kula samaki. Ya pili mkapanda Riat kupiga picha ziwa likiwa chini. Wikendi ya tatu kuna ruracio ama mazishi Kericho, na familia yote inajua nani ana gari.

Yangu ilinifia wikendi kama hiyo.

Tulikuwa watano, AC imewashwa, muziki juu. Tukapita Ahero, tukapita Awasi, barabara ikaanza kupanda. Mbele kidogo ya Kipsitet nikaona taa nyekundu kwenye dashibodi, ile ya kipimajoto kinachoelea majini. Nikajiambia nitasimama pale juu. Kabla ya kufika pale juu boneti ilikuwa inatoa mvuke kama sufuria ya githeri.

Kilichofuata nakusimulia kwa aibu. Jamaa wa duka alituletea jerikeni ya maji baridi, tukamimina yote ndani ya injini iliyokuwa bado moto. Ikakataa kuwaka. Tukapata pikapu, tukafunga kamba, tukaburutwa kurudi Kisumu, zaidi ya kilomita 40, magurudumu yote manne yakizunguka barabarani. Gia iko nyutro, mimi kwenye usukani, nikidhani nimefanya la maana.

Mzee mmoja mwenye gereji upande wa Kibos Road aliitazama gari siku mbili. Siku ya tatu akaniita.

"Nani alivuta hii gari?"

"Pikapu, jaduong'. Na kamba."

"Hii ni automatiki, tena ya four-wheel. Nyathina, injini ndiyo ilikuwa mgonjwa. Gia boksi ilikuwa mzima. Mliiua nyinyi wenyewe njiani."

Gasketi ya hedi ingenigharimu pesa ninazoweza kuzitafuta. Gia boksi ya pili kutoka Japani, pamoja na kufungwa, ilikuja laki moja na ishirini. Nilirudi sacco.

Tangu hapo nimeacha ule mjadala wa vijana wa kila gereji: gari gani halina shida, X-Trail ama Forester, RAV4 ama CX-5. Kila moja ina shida zake na nitazigusa. Lakini nilichojifunza kwa kukaa kwenye benchi la yule mzee Jumamosi nyingi ni kwamba SUV nyingi hapa kwetu huuliwa na majimaji. Yaliyo kwenye radieta, yaliyo kwenye gia boksi, na yale unayomimina kwenye tanki. Kitabu cha gari kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa Yokohama. Wewe unaishi kando ya ziwa, kwenye joto, vumbi na milima pande tatu, na hicho kitabu huenda hata hukupewa.

Tuanze na radieta kwa sababu ndiyo iliyoniangusha. Aliyeniuzia gari alikuwa ameijaza maji ya bomba. Wengi hufanya hivyo, na ukiuliza wanakuambia Kisumu hakuna baridi, kulanti ni ya Wazungu wa theluji. Si kweli. Kulanti inazuia maji kuganda, sawa, lakini kazi yake kwetu ni nyingine: inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu ndani ya injini ya alumini.

Hapa kuna hesabu ambayo hakuna aliyenieleza shuleni kwa njia ya maana. Maji huchemka kwa digrii 100 ukiwa usawa wa bahari, na hupungukiwa na takriban digrii moja kila unapopanda mita 300. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, kwa hivyo maji yetu huchemka kwa digrii 96 hivi. Kericho, kwenye mita kama 2,000, ni kama 93. Injini yako inapenda kufanya kazi karibu na digrii 90. Unaona nafasi iliyobaki? Kinachokuokoa ni mfuniko wa radieta, ambao unabana mfumo mzima hadi maji yavumilie joto la zaidi ya 110 bila kuchemka, pamoja na kulanti yenyewe. Mfuniko ukilegea mpira, na uliyojaza ni maji matupu, unapanda mlima ukiwa na chai jikoni.

Mfuniko ni kitu cha bei ya chakula cha mchana. Wangu ulikuwa umepasuka mpira. Ndio hiyo tu.

Maji ya kisima ni mabaya zaidi kwa sababu ya chumvi zake, yanaacha ugaga ndani ya vile vimirija vyembamba vya radieta. Nunua kulanti iliyochanganywa tayari, ama uchanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Usichanganye rangi ovyo. Kama hujui kilichomo, mwaga yote, suuza, anza upya.

Halafu kuna kitu cha huku kwetu pekee ambacho fundi wa Nairobi hatakuuliza: wale wadudu wa ziwani. Umewaona wakiinuka juu ya maji kama moshi. Ukiendesha usiku kutoka Bondo ama Usenge wanafuata taa zako, na asubuhi kioo kimekuwa uji. Unaosha kioo. Hufungui boneti. Wamejazana kati ya mapezi ya radieta na kondensa ya AC, wanakauka, vumbi la barabara linawashikilia, na baada ya miezi michache hewa haipiti. Osha hapo kwa maji ya nguvu kidogo tu, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuosha ya presha kubwa inalaza yale mapezi na unabaki vibaya kuliko mwanzo. Na ukiwa hapo, toa filta ya hewa uitazame. Utapata mbuga ya wanyama.

Na ikichemka? Zima AC, washa hita hadi mwisho hata kama mtaoga jasho, kwa sababu hita inavuta joto kutoka kwa injini. Simama mahali salama, zima. Usifungue mfuniko. Subiri nusu saa, hata zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa radieta kwa mkono mtupu. Ndipo uongeze maji, polepole. Tulichofanya sisi, baridi juu ya moto, ndicho kinachopinda hedi.

Sasa gia boksi. Kaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea.

SUV nyingi ndogo za miaka ya 2007 kuja juu hazina gia za kawaida. Zina CVT: mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kujikunja. X-Trail ya T31 na ya T32 za petroli nyingi ziko hivyo, Forester kuanzia umbo la SJ, RAV4 nyingi za Japani. Inaendesha laini kama maji na haili mafuta sana. Lakini mkanda huo unashikilia puli kwa msaada wa oili maalumu. Ukiweka oili ya automatiki ya kawaida, eti zote ni nyekundu, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na vumbi la chuma linasambaa kila mahali. T31 inataka NS-2. T32 inataka NS-3. Herufi hizo zimeandikwa kwenye kopo. Simama hapo kando ya fundi ulione kopo likifunguliwa.

Utaambiwa oili hiyo ni ya maisha. Uliza maisha ya nani. Kwa joto letu na milima yetu, mafundi wanaojiheshimu huibadilisha kila kilomita 40,000 hivi. Na usidhani ni shida ya Kisumu tu: kule Marekani, Nissan wenyewe walirefusha dhamana ya CVT kwa magari yao ya 2003 hadi 2010, kwa sababu ya malalamiko. Mnunuzi wa huko alikuwa na dhamana. Wewe una fundi.

Dalili zipo, na huja mapema. Gari linatetemeka likianza kutembea kwa mwendo wa chini, kama linapita kwenye matuta madogo ambayo hayapo. Mlio mwembamba wa kulia unaopanda na mwendo. Unakanyaga, injini inanguruma, gari linafikiria kwanza. Ama unapanda kutoka Kisian kuelekea Maseno, mko wengi, na ghafla nguvu zinaisha kabisa halafu zinarudi ukipumzika dakika kumi. Hiyo ya mwisho ni kompyuta inayojilinda kwa sababu oili imepata joto kupita kiasi. Wengi husema "gari imechoka" na kuendelea. Ukibadilisha oili wakati huo unaweza kuponea. Ukingoja ipige kelele ya chuma, andaa ile laki.

Vezel ya haibridi ni kisa kingine. Haina CVT, ina gia saba za klachi mbili, na za mwanzo za 2014 ziliitwa kiwandani zaidi ya mara moja Japani kurekebishwa programu ya gia. Ukinunua moja ya umri huo, uliza kama kazi hiyo ilifanyika kabla ya meli. Na isitambae kwa foleni ya Kondele ukiwa umeachilia breki nusu nusu. Acha nafasi, kisha uende mara moja.

Kuhusu kuvutwa: CVT na four-wheel hubebwa juu ya lori. Ikiwa haiwezekani kabisa, lala kwa gari ama umlipe mlinzi wa duka, urudi kesho. Sasa unajua bei ya kamba yangu.

Oili ya injini nitaipitia haraka kwa sababu unaijua. Kila kilomita 5,000, usingoje taa. Kuna fundi atakuambia 0W-20 ni nyepesi kama maji na akuwekee 20W-50 "ya joto la Kisumu". Mkatalie kwa adabu. Injini hizi zina vijia vyembamba vya oili vinavyoendesha vali, na uji mzito haufiki huko asubuhi. 5W-30 inatosha wengi wetu; jedwali la joto liko kwenye kitabu, na vitabu vingi vya magari haya viko mtandaoni. RAV4 yenye injini ya lita 2.4 ya karibu 2007 hadi 2009 inajulikana kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, kwa hivyo vuta dipstiki kila wiki. Forester za zamani zenye injini ya EJ zina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe karibu na kilomita 100,000. Ukikatika barabarani vali zinagonga pistoni na injini imekwisha. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba ulibadilishwa, chukulia haukubadilishwa.

CX-5 ya dizeli inaleta kichekesho chake. Ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujichoma chenyewe ukiwa safarini kwa mwendo wa kutulia. Wewe safari yako ni Milimani hadi mjini, dakika nane. Hakipati nafasi, kinajaribu, kinakatizwa, na dizeli isiyochomwa inateremka ndani ya oili. Ukiona oili inapanda kwenye dipstiki badala ya kushuka, usifurahi. Ipeleke Busia na kurudi angalau mara moja kwa wiki mbili, ama ununue ya petroli.

Hilo linatuleta kwenye tanki, mahali ambapo vijana wengi tunajifanya hatujui. Tunaweka mafuta ya mia tano, taa ya akiba ikiwaka kila siku. Pampu ya mafuta ya petroli iko ndani ya tanki na hupozwa na mafuta yenyewe. Ukiishi kwenye akiba inapata joto, na inavuta takataka za chini. Robo tanki iwe ndiyo sifuri yako.

Kuhusu mafuta machafu, mambo si kama zamani. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili kusiwe na faida ya kuyachanganya na dizeli, na EPRA hupima vituo kwa kutumia kemikali ya alama. Lakini maji bado huingia kwenye matanki ya chini ya ardhi, hasa masika, na mafuta ya jerikeni kando ya barabara hayapimwi na mtu yeyote. Gari likianza kukohoa kilomita mbili baada ya kujaza, usingoje kesho. Hifadhi risiti, simama, fundi atoe mafuta kidogo kwenye chupa safi ya plastiki. Maji yatakaa chini, utayaona kwa macho.

Na kuna kimiminika kimoja ambacho sisi wa huku tuna historia nacho. Ukitoka Awasi ukielekea Muhoroni utapata kiwanda cha Agro-Chemical, kinachogeuza molasi ya miwa kuwa spiriti. Miaka ya 1980, spiriti hiyo ilichanganywa na petroli na kuuzwa kwa jina la gasohol, hadi mpango ukafifia mapema miaka ya 1990. Mazungumzo ya kurudisha mchanganyiko wa asilimia 10, ule unaoitwa E10, huja na kuondoka. Baba zetu waliendesha hayo mafuta. Wewe huenda ukayaendesha.

Je, SUV yako itayaweza? Ifungue kile kifuniko cha kujazia mafuta usome vibandiko. Japani kwa miaka mingi iliruhusu ethanoli asilimia 3 tu, na ni 2012 ndipo ikaruhusu asilimia 10 kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Gari la kisasa kwa kawaida litavumilia E10. Shida ziko mbili. Ethanoli inaosha uchafu wa miaka ndani ya tanki na kuupeleka kwenye filta, kwa hivyo filta ya mafuta itaziba mapema mwanzoni. Pili, inapenda maji. Gari likikaa miezi bila kuendeshwa, ethanoli inaweza kunywa unyevu, ikajitenga na kutulia chini ya tanki, palepale pampu inapovuta.

Flex-fuel yenyewe ni jambo tofauti. Hilo ni gari lenye mipira, mabomba na nozo zilizotengenezwa kuvumilia ethanoli kwa kiwango chochote, na kompyuta inayosoma mchanganyiko na kubadilisha kipimo. Brazil wanayo tangu Volkswagen walipoleta Gol ya namna hiyo mwaka wa 2003, na SUV ndogo za huko nyingi ziko hivyo. Ukikutana na moja hapa itakula super kama kawaida, kwa sababu pampu za ethanoli hatuna. Angalia tu upande wa usukani kabla ya kulipa. Wa kushoto hausajiliwi Kenya bila ruhusa maalumu. Na ukimsikia mtu akikushauri kumwaga spiriti kwenye tanki la X-Trail ya kawaida ili "ipate nguvu", kumbuka kwamba lita ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu thuluthi moja kuliko lita ya petroli. Utapoteza nguvu, kisha upoteze mipira.

Maji ya nje nayo. Masika, mito ya Kano ikijaa, barabara za upande wa Nyando huwa ziwa dogo, na jina SUV linakudanganya. Mdomo wa kuvuta hewa kwa mengi ya magari haya uko chini ya ukingo wa boneti. Maji yakiingia humo, pistoni inajaribu kubana kitu kisichobanika, na vyuma vyake vinapinda. Gari likizima ndani ya maji usijaribu kuliwasha tena. Msukume.

Na ule mtindo wa kuingiza gari ziwani lioshwe, magurudumu yakiwa ndani? Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, na hayo ndiyo maji tunayokunywa, lakini hata kama hujali hilo, difu la nyuma lina kipumulio. Difu la moto likiingia maji baridi linavuta. Mzee alinifungulia moja, oili imetoka rangi ya chai ya maziwa.

Kama bado hujanunua, nenda kuliona gari asubuhi kabla halijawashwa. Mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika na boneti ni moto, jiulize anaficha mwasho gani. Fungua mfuniko wa radieta ukiwa baridi, tazama rangi. Kisha lipande Riat na watu wanne, si wewe na dalali peke yenu.

Langu liko barabarani tena. Nimepita Kipsitet mara tatu, kipimajoto cha simu kikiwa kimeunganishwa na kompyuta ya gari, macho yangu huko kuliko barabarani, mpaka mama akanikemea. Kilisoma 92, 94, 92. Mkopo wa pili wa sacco umebakisha miezi minne.